Kamera Ilikuwa ya Nani? Sinema, Mkonge na Mbiru ya Wapare

Mwulize kijana yeyote pale stendi ya Same kama amewahi kuona sinema ya wafanyakazi waliogoma. Atakutajia za ngumi, za Kihindi, za Kinaijeria, za marehemu Kanumba, lakini ikifika hiyo ya mgomo atajikuna kichwa. Wengine watakwambia kwamba mambo ya wafanyakazi na migomo ni ya Ulaya na viwanda vyake, eti huku kwetu hapakuwa na wafanyakazi, palikuwa na wakulima na mbuzi wao tu.

Mimi ni mtoto wa Same, na maneno hayo siwezi kuyakubali. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge tambarare ya Ndungu miaka mingi. Alikuwa na kovu chini ya jicho, la mwiba wa mkonge, na alipokuwa akisimulia habari za kazi ile alikuwa anaonyesha kwa mikono namna jani linavyokatwa, kana kwamba panga bado analo. Amekwisha kufariki. Hakuna picha hata moja inayomwonyesha akiwa kazini. Ndipo nilipoanza kujiuliza: je, kamera haikufika kwetu? Au ilifika, ikatazama upande mwingine?

Nimesoma, nimeulizia, nimetazama filamu nilizoweza kuzipata. Kumbe kamera ilifika mapema kabisa. Na iliyomlenga mfanyakazi wa Kiafrika ilianzia jirani yetu, milima ya Usambara, na wazo lake lilianzia kwenye mkonge. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba tatizo letu halikuwa uhaba wa kamera. Tatizo lilikuwa mwenye kamera. Kwanza ilikuwa ya mwenye shamba na wafadhili wake, kisha ikawa ya serikali, na muda wote huo ujumbe kwa mfanyakazi ulibaki karibu ule ule: tulia, fanya kazi, mambo yakikushinda rudi kijijini.

Meneja na wazo lake

Tuanze na mkonge wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba yaliyojaa mkoa mzima wa Tanga na kupanda na reli mpaka kwetu, Makanya, na upande wa pili wa milima, Kisiwani na Ndungu. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, na ilikuwa ikiongoza duniani.

Kazi yenyewe wengi wetu tunaisikia tu. Mkataji anaingia shambani alfajiri. Anakata jani, anaondoa mwiba wa nchani, anayafunga majani thelathini thelathini, anabeba mafungu hadi kwenye reli ya troli. Troli zinakwenda korona, mashine inayosaga majani mpaka zinabaki singa, kisha singa zinaanikwa na kupigwa brashi. Maji ya mkonge yanawasha ngozi. Waliotoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuwakusanya watu kutoka mikoa ya mbali, kikaitwa SILABU. Neno hilo wazee wa Tanga na Pare wanalijua.

Sasa sikiliza. Mwaka 1926 Meja L. A. Notcutt alikuwa anasimamia mashamba ya mkonge hapa Afrika Mashariki. Katika kuwaza namna ya kukaa na vibarua wengi mahali pamoja, alifikiri kwamba sinema ingeweza kusaidia kuwafanya waridhike na kutulia kazini. Si mimi ninayemsingizia. Habari hiyo imo katika kitabu alichokitoa pamoja na G. C. Latham mwaka 1937, The African and the Cinema.

Wazo hilo lilipata fedha mwaka 1935. Hapo ndipo lilipoanza jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, juu ya Korogwe, ukishuka toka Same kwa njia ile ile ya Tanga. Mwenye kulianzisha alikuwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza uchunguzi juu ya migodi ya shaba na maisha ya Waafrika. Notcutt akawa mkuu wa upigaji picha, Latham akawa mkuu wa upande wa elimu. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Serikali za Afrika Mashariki zilichangia. Kampuni za migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, nazo zilichangia, Roan Antelope ikiwa mojawapo.

Hadi 1937 jaribio lile lilitengeneza filamu 35. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida wa hapa hapa, na maelezo yalitiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha gari la sinema likazunguka nazo. Zilihusu safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kahawa, ngozi, benki ya posta. Moja iliitwa Tax, yaani Kodi, ya kumweleza Mwafrika kodi yake inafanya nini.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Picha ya safura ilikuwa na manufaa, na mtu aliyejua kuchimba choo baada ya kuiona hakupoteza kitu. Lakini hebu tulinganishe tarehe. Jaribio lilianza Machi 1935. Mei mwaka huo huo wachimbaji wa shaba wa Mufulira, Nkana na Roan Antelope waligoma kwa sababu kodi yao ilipandishwa. Tarehe 29 Mei, pale Roan Antelope, watu sita waliuawa kwa risasi. Mgodi ule ule uliochangia sinema ya kuwaelimisha Waafrika ndio uliomwagika damu kwa ajili ya kodi. Katika orodha ya filamu 35 utakuta Kodi. Mgomo wa kodi hutauona.

Same, 1945

Kodi ndiyo inayotuleta nyumbani, maana kodi ndiyo iliyokuwa kiboko cha kumpeleka mtu shambani kwa Mzungu. Tangu Wajerumani walipoweka kodi ya kichwa cha nyumba mwaka 1898, mtu wa milimani alihitaji fedha taslimu kila mwaka. Asiyekuwa na kahawa wala ng'ombe wa kuuza alishuka tambarare kutafuta kipande. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili kiu ya mkonge ilizidi, kwa sababu Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Uholanzi kule Asia, Uingereza ikabaki inaitegemea Afrika Mashariki kwa kamba zake. Watu wakachukuliwa hata kwa lazima kwenda mashambani.

Katika hali hiyo ndipo watawala wa wilaya ya Pare walipoleta kodi mpya ya kupima mali ya kila mtu, mwenye zaidi alipe zaidi. Wakaipa jina la zamani, mbiru, jina la ushuru ambao watu walikuwa wakimpelekea mfumwa tangu enzi za mababu. Kwa karatasi kodi hiyo ilionekana ya haki. Kwa watu ilikuwa kitu kingine kabisa. Nani atahesabu mbuzi wangu? Nani atasema kahawa yangu ni kiasi gani? Ni watu wa mfumwa, wanaokula naye. Na kama leo wamesema nina shilingi kadhaa, kesho watasema ngapi?

Watu walikataa. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani kwa miguu, kutoka Usangi na Ugweno, kutoka Mbaga na Mamba na kwingineko, wakaenda bomani Same. Hawakwenda kupiga mtu. Walikwenda kukaa. Walisema kodi ya kiwango kimoja watailipa, mbiru hawaitaki. Walikaa kwa miezi, hawa wakiondoka wengine wakija, kwenye ardhi kavu ya Same ambayo kila mtu anajua maji yake ni ya shida. Miongoni mwa viongozi wao alikuwepo Paulo Kajiru Mashambo wa Mamba.

Wanawake nao hawakubaki kutazama. Shamba lilikuwa juu yao, watoto juu yao, na chakula cha waliokuwa Same pia. Mtafiti Jean O'Barr, aliyefanya kazi kwetu Upareni, ameandika jinsi wanawake walivyoandamana na kumkabili ofisa wa serikali kwa neno ambalo hata leo linawachekesha wazee: amalize ugomvi waume zao warudi, la sivyo awape wao wote mimba yeye mwenyewe. Jamani! Utani huo una meno. Ndani yake kuna hesabu ya miezi ya kazi iliyosimama, ndoa zilizosimama, kilimo kilichosimama.

Mvutano uliendelea mpaka mbiru ikaondolewa, na kufikia 1947 ilikuwa imekwisha. Wapare hawakuua mtu, wala hawakuchoma boma. Walikaa tu, wakakataa, wakashinda.

Mwanahistoria mmoja anaweza kuniambia: kijana, hiyo ilikuwa habari ya wakulima na kodi, sinema za wafanyakazi zinahusiana nayo wapi? Jibu ni kwamba kwenye milima yetu mkulima na mfanyakazi mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Msimu huu ana jembe, msimu ujao yuko korona. Kodi ilikuwa daraja kati ya shamba lake na shamba la mkonge. Aliyekataa kodi isiyo na kikomo alikuwa anakataa pia kulazimishwa kuuza nguvu zake bila kikomo. Mbiru ilikuwa mgomo, ila watu hawakutoka kiwandani, walitoka majumbani.

Na picha yake iko wapi? Vugiri, walikokuwa na kamera, magari na mafundi, ni mwendo wa siku moja tu kwa gari kutoka Same. Ingawa jaribio lile lilikuwa limefungwa mwaka 1937, Waingereza walikuwa wameanzisha kitengo chao cha sinema za makoloni mwaka 1939, na vita ilipigwa picha kila upande. Lakini sijapata popote filamu ya uwanja wa boma la Same mwaka 1945. Tunaifahamu habari kwa sababu Mpare mwenzetu, Profesa Isaria Kimambo, aliandika kijitabu juu ya Mbiru mwaka 1971, wakati wengi wa walioandamana walikuwa hai. Kalamu ilifika. Kamera haikufika.

Mwigizaji aliyekuja kuwa kiongozi

Baada ya vita migomo ilizidi. Makuli wa Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, na moto ukapanda na reli ya kati. Mwaka uliofuata wa Unguja wakagoma, mgomo ambao Adam Shafi ameutia katika riwaya yake Kuli ya mwaka 1979. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde waligoma. Mazinde unaipita kwa basi ukienda Tanga, baada ya Hedaru na Mkomazi, wala hakuna anayechungulia dirishani.

Na sinema ya wakati huo ilikuwa inasema nini? Hapa kuna habari inayonishangaza kila ninapoikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika ya Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Maarufu zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, habari za mshamba anayekuja Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Mhusika mkuu alikuwa kijana mmoja, mfanyakazi wa serikali, jina lake Rashidi Kawawa.

Ndiyo, Kawawa huyo huyo, Simba wa Vita. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, yeye akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Yaani mtu aliyeigiza mshamba anayeonewa na mji akiwa peke yake, miaka mitatu baadaye alikuwa anawaambia wafanyakazi wasikae peke yao. Mimi naona hiyo ingekuwa filamu nzuri kuliko Muhogo Mchungu yenyewe, lakini nani angeitengeneza wakati ule?

Habari haikuishia hapo. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mwaka huo huo sheria mpya zikafanya mgomo halali uwe jambo gumu sana. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mkonge, alihamishwa kwa amri ya serikali akapelekwa Sumbawanga, mbali kabisa na mkonge wake. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja chini ya serikali. Waliotetea hatua hizo walikuwa na hoja: nchi changa, maskini, wafanyakazi wa mshahara wachache kuliko wakulima, isingeweza kuendeshwa kwa migomo. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa kusema na serikali kwa niaba ya mkata mkonge akawa naye ni mtu wa serikali.

Sinema nayo ikaenda njia hiyo. Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge. Ni habari za mtu maskini anayekwenda mjini kutafuta kazi, anashindwa, na mwishoni anaona nuru katika kijiji cha ujamaa. Nia ilikuwa njema, na mtu maskini alipewa heshima ambayo mkoloni hakumpa. Lakini iweke kando ya Muhogo Mchungu uone. Ya kwanza ni ya mkoloni, ya pili ni ya Azimio la Arusha, na zote mbili zinamwambia aliyekwenda mjini kutafuta kazi kwamba mji haukumfaa. Katika zote mbili hakuna mahali ambapo yeye na wenzake wanakaa chini ya mti na kusema: kesho hatuingii kazini mpaka tusikilizwe. Bendera ilibadilika, hadithi ikabaki.

Mikono ya Kunduchi

Nilidhani orodha imefungwa, mpaka mwalimu wangu mmoja aliponionyesha These Hands, yaani Mikono Hii. Imetengenezwa na Mtanzania, mwanamke, Flora M'mbugu-Schelling, mwaka 1992. Kabla yake alikuwa ametoa Kumekucha, mwaka 1987, juu ya kazi za wanawake kuanzia jua linapochomoza.

Mikono Hii inahusu wanawake wanaoponda kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi, nje ya Dar es Salaam. Wengi ni wakimbizi kutoka Msumbiji, waliokimbia vita. Hakuna msimulizi wa kukuambia uone nini. Wanawake wamekaa chini, nyundo inapanda na kushuka, jiwe kubwa linakuwa jiwe dogo, jiwe dogo linakuwa kokoto. Watoto wapo pembeni. Wanaimba. Kamera haina haraka. Unakaa unasubiri kitu kitokee, na polepole unaelewa kwamba kinachotokea ndicho hicho. Nyumba nzuri za jiji zimesimama juu ya kokoto zile.

Hapo hakuna mgomo, ni kweli. Lakini nathubutu kusema hiyo ni mara ya kwanza nilipoona kamera ya Kitanzania ikikaa upande wa anayefanya kazi na kumwacha awe mwalimu wetu. Haimfundishi kupanda kahawa wala haimwambii arudi kijijini. Na watu wale wangerudi kijiji gani, wakati vita ilikuwa imewatoa huko?

Linganisha na Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, juu ya samaki wa Mwanza. Filamu hiyo ilisambaa duniani, ikafika hadi kwenye mashindano ya Oscar. Ndani yake yumo mlinzi wa usiku, wamo wafanyakazi, wamo watoto wa mitaani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, kwamba imeichafua nchi. Mabishano yakawa makali: je, ndege zilileta silaha au hazikuleta? Je, nchi imetukanwa au haikutukanwa? Katika kelele zile mlinzi wa usiku na ujira wake vilisahauliwa na pande zote mbili. Ndiyo maana nasema kumwonyesha mfanyakazi hakutoshi. Mtu anaweza kuonyeshwa mchana kweupe na bado asisikike.

Tunaweza kuanza na nini?

Wapo watakaosema kwamba Mbiru imekwisha kupita, picha hazipo, basi tena. Sikubali. Tarehe 1 Desemba 1944, mwezi mmoja tu kabla ya Wapare kuteremka Same, askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vitani walipigwa risasi na jeshi la Ufaransa katika kambi ya Thiaroye, Senegal, kwa sababu walidai malipo yao. Hapakuwa na filamu ya tukio hilo. Mwaka 1988, miaka 44 baadaye, Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow waliitengeneza, Camp de Thiaroye, na leo kijana wa Dakar anajua kilichotokea.

Mfano mwingine uko Marekani. Salt of the Earth ya mwaka 1954 inasimulia mgomo wa wachimbaji wa madini ya zinki wa New Mexico, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Mahakama ilipowakataza wanaume kusimama langoni, wake zao walishika nafasi. Walioigiza wengi walikuwa wachimbaji wenyewe na jamaa zao, na kiongozi wa chama chao, Juan Chacón, ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Serikali na wenye majumba ya sinema waliipiga vita. Nilipoiona nikawakumbuka mama zetu wa Mbiru na neno lao kwa yule ofisa. Kumbe wanawake wa pande mbili za dunia, bila kujuana, waliingia mahali ambapo waume zao walikwama.

Sisi tuna simu mikononi zinazopiga picha safi kuliko kamera zote za Vugiri. Lakini kuwa na kamera na kujua uisimamishe wapi ni vitu viwili, kama nilivyojaribu kuonyesha. Kwa hiyo nina mapendekezo machache kwa vijana wenzangu wa Same, Gonja, Suji, Usangi na kote.

Kwanza, tuwarekodi wazee wa mkonge kwa lugha wanayoiota. Kama ni Chasu, iwe Chasu. Mtu akilazimishwa Kiswahili cha ofisini atakupa hotuba ya mwenge. Tuwaulize mambo ya kazi: panga lilikuwaje, fungu lilihesabiwaje, nani aliandika namba, siku ya mshahara ilikuwaje, mtu akiugua nani alimbeba. Wapo bado waliokata mkonge kabla mashamba mengi hayajataifishwa mwaka 1967, na wapo waliofukuzwa kazi bei ya mkonge ilipoporomoka kwa sababu ya nyuzi za plastiki.

Pili, tuwatafute waliokuwa watoto wakati wa Mbiru. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1945 leo amefika tisini. Alimwona baba yake akiondoka na blanketi begani. Alimpelekea mama maji. Huyo ndiye shahidi aliyebaki, na hatutampata kwa muda mrefu.

Tatu, tuombe ruhusa, na tuwaonyeshe wenyewe kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Mzee akisema hapo ondoa, tuondoe. Notcutt alipeleka sinema kwa watu baada ya kuamua yeye waone nini. Tukifanya hivyo hivyo kwa simu zetu tutakuwa mameneja wadogo wa mkonge, bila mkonge.

Nne, tusiogope sehemu chungu. Habari ya Mbiru haina wabaya wa Kizungu peke yao. Wamo wafumwa wetu, na wamo jirani waliohesabu mbuzi wa jirani. Wajukuu wao na wajukuu wa waandamanaji wanakaa kanisa moja na msikiti mmoja leo. Tukiwafanya wote wawe mashujaa tutakuwa tumetengeneza Muhogo Mchungu nyingine, na huo tumekwisha kuuonja mara mbili.

Kazi hiyo haihitaji wafadhili wa New York wala gari la serikali. Inahitaji mtu mwenye simu yenye chaji, aliye tayari kupanda mlima mpaka Mamba au Usangi, kukaa kwenye kigoda na kunyamaza wakati mzee anatafuta neno. Mimi nimeshapanga kuanza na majirani wa babu, wale waliobaki. Ni watatu. Mmoja wao hasikii vizuri, itabidi nisogee karibu.